Bastola Tano, Mikono Miwili

Kwenye bastola ya Beretta 92FS, kifungio cha usalama kiko juu, kwenye kile chuma kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka. Ukikishusha, bastola imefungwa. Ukikipandisha, iko tayari kufyatua. Kwenye bastola ya 1911, ile iliyobuniwa na John Browning, mambo ni kinyume kabisa: ukikishusha iko tayari, ukikipandisha imefungwa. Jambo hilo nililijua kichwani kwa miaka mingi, na ningeweza kumweleza mtu yeyote bila kukosea. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa hailijui.

Niligundua hivyo Jumamosi moja kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Fort Worth, Texas. Nilikuwa nimepiga magazini tatu za Beretta, kisha nikachukua 1911. Nikapiga risasi nne, nikataka kupumzika. Kidole gumba kikajishusha chenyewe, kama kilivyokuwa kikifanya dakika chache nyuma, nami nikaamini nimeifunga. Nikailaza mezani, mdomo ukielekea mbele. Mzee aliyekuwa kibanda cha jirani akanigusa bega, akaionyesha kwa kidole bila kusema neno. Nyundo ilikuwa imekokiwa, risasi ya tano iko ndani, na kifungio kiko chini. Mtu angeishika tu na kidole kikaangukia kifyatulio, ingelia.

Sikupiga tena siku ile. Nilirudi nyumbani, nikatoa kila bastola niliyokuwa nayo, nikahakikisha ni tupu, nikazipanga juu ya taulo kitandani. Zilikuwa tano. Mke wangu alisimama mlangoni akaziangalia, akaniuliza swali moja: "Baba, hizi zote unazijua?"

Naandika kwa ajili ya wenzetu tunaoishi huku Marekani. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo bunduki ni ya askari au ya mlinzi wa benki, na raia mwenye kibali hatangazi. Tukifika huku tunaikuta dukani, karibu na nyavu za kuvulia samaki. Ya kwanza tunainunua kwa woga, ya pili kwa bei nzuri, na baada ya hapo hatuhesabu tena. Kisha siku moja mtu anafungua sefu anakuta bastola za kaliba nne, magazini zisizoingiliana, na maboksi ya risasi ambayo hakumbuki ni ya ipi. Anajiuliza: niuze baadhi nibaki na kaliba moja, au niziache zilivyo?

Ushauri wangu ni kwamba wengi wetu tupunguze. Lakini sababu wanazotoa watu wa dukani siyo zangu, na ukipunguza kwa sababu zisizo zako utauza ile uliyotakiwa kubaki nayo.

Anza kwa kukumbuka kila moja ilifikaje. Yangu ya kwanza, Glock 19, niliinunua baada ya nyumba mbili za mtaa wetu kuvunjwa katika wiki moja. Beretta niliipenda kwa umbo lake tu, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa bastola ya jeshi la Marekani tangu 1985. Rivolva ndogo ya .38 niliuziwa na jirani aliyefiwa na mumewe, asiyetaka kuiona tena ndani. Ile 1911 niliachiwa na mzee niliyefanya naye kazi ghala moja kwa miaka tisa, aliyenifundisha kupiga. Familia yake ndiyo iliyoniletea, kwa njia ya duka, kama alivyotaka kabla hajafa. Na ya .40? Ilikuwa rahisi. Hiyo ndiyo sababu yote.

Hebu tukae kidogo kwenye hiyo ya .40, maana ndani yake kuna somo. Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walipambana kwa risasi na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Katika uchunguzi uliofuata, FBI ilisema risasi ya 9mm iliyompiga mmoja wa majambazi mapema haikuingia vya kutosha kumzuia. Wakaanza kutafuta risasi nzito zaidi, na safari hiyo ndiyo iliyozaa .40 Smith & Wesson mwaka 1990. Idara za polisi nchi nzima zikaikimbilia. Lakini ilikuwa inarusha mkono zaidi, maofisa wengi hawakuipiga vizuri, na wakati huohuo watengenezaji wakawa wameiboresha sana ile ya 9mm. Kufikia katikati ya muongo uliopita FBI yenyewe ikarudi kwenye 9mm, na idara nyingi zikafuata. Bastola zao za .40 zikamwagika madukani, imara, zimechubuka kwa nje kwa kuingizwa na kutolewa kwenye mkoba wa kiunoni, lakini ndani hazijachakaa. Nami nikanunua mojawapo nikijiona mjanja. Sikuwaza kwamba ilikuwa rahisi kwa sababu wenye kazi yao walikuwa wamekaa chini, wakapima, wakaamua kubaki na kaliba moja ambayo watu wao wanaipiga vizuri.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika kila bastola, na mbele yake mwezi na mwaka ulioipiga mara ya mwisho. Usikadirie kwa kujipendelea. Kisha andika nani mwingine ndani ya nyumba anaweza kuitumia, kuifungua na kuitoa risasi bila kuuliza. Karatasi yangu ilinitia aibu. Rivolva ilikuwa miaka miwili. Ile ya .40, mwaka na miezi minne.

Hesabu ya mazoezi ni nyepesi na haidanganyi. Mtu wa kawaida mwenye watoto na zamu za usiku, akijitahidi sana atapiga boksi mbili za risasi hamsini hamsini kwa mwezi. Ukizigawa kwa bastola tano, kila moja inapata risasi ishirini. Ishirini ni za kupasha mkono tu. Na kila unapobadilisha bastola unabadilisha kila kitu: uzito wa kifyatulio, namna kitako kinavyokaa kiganjani, mahali pa kitufe cha kutolea magazini. Aliyezoea 1911 akishika Glock hukuta risasi zinakwenda juu, kwa sababu kitako cha Glock kimelala zaidi na kiwiko kinataka kufanya kilichozoea. Hilo uwanjani ni karatasi tu. Usiku wa manane, ukiwa umetolewa usingizini na moyo unapiga, mikono itafanya inachokijua na haitakusubiri ukumbuke ni ipi uliyoshika.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza, na kwangu inazidi nyingine zote. Wanaobishana kwamba .45 ni ya wanaume na 9mm ni ya watoto wasikupotezee muda.

Kaliba nayo ina uzito wake, lakini si kwa ajili ya nguvu. Ni kwa ajili ya kuchanganya. Risasi ya 9mm ni nyembamba kuliko ya .40 kwa kiasi ambacho jicho la mtu aliyechoka halikioni. Inaweza kuingia kwenye bastola ya .40, ikakaa, na hata ikafyatuka. Ganda lake, kwa kuwa halina kuta za kulibana, hupasuka. Niliwahi kuliokota ganda la namna hiyo sakafuni uwanjani. Lilikuwa limefunguka ubavuni toka mdomoni hadi karibu na kitako, kama ganda la karanga lililobanwa kwa vidole viwili. Aliyelipiga alikuwa mzima. Kosa lake lilikuwa moja: mfuko mmoja, kaliba mbili, boksi limefunguka. Kama umeamua kubaki na zote mbili, basi kila kaliba iwe na mfuko wake na siku yake ya kwenda uwanjani. Usiende na mbili siku moja.

Faida nyingine ni za mfukoni. Risasi za 9mm huwa ndizo nafuu kuliko za .40, .45 na .38, kwa sababu ndizo zinazotengenezwa kwa wingi. Bastola mbili za ukoo mmoja mara nyingi hutumia magazini zilezile, mkoba uleule na vipuri vilevile, na ukijifunza kuifungua moja na kuisafisha, nyingine umeshaijua.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu walikimbilia madukani na risasi za 9mm ndizo zilizoisha kwanza. Rafu zilikaa tupu kwa miezi. Waliokuwa na kaliba isiyo maarufu walipata chochote wakati sisi wengine tulikuwa tunaulizana. Wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu ya kuwa na kaliba nyingi. Mimi nasema dawa yake ni kuweka akiba kidogo ya ile unayoitumia, mahali pakavu, na kuizungusha: ya zamani itangulie kupigwa. Kununua bastola nzima kwa kuogopa upungufu wa risasi ni kununua nyumba ya pili kwa kuogopa paa la kwanza litavuja.

Kabla hujaamua, muulize mwenzako wa nyumbani. Wanaume wengi huruka hapa. Nilikuwa nimeiweka rivolva upande wa kuuza, kwa sababu ina risasi tano tu na mimi siipigi. Mke wangu akasema hiyo ndiyo pekee anayoiamini. Anafanya kazi ya uuguzi, kunyanyua wagonjwa kumemmaliza vifundo vya mikono, na kukivuta kile chuma cha juu cha Glock kunamuuma. Rivolva anaifungua silinda, anaona matundu matano, anajua zimo au hazimo. Niliirudisha. Ukipunguza kwa kufuata mikono yako peke yako, unaweza kumnyang'anya mwenzako kitu pekee anachokimudu.

Sasa sefu. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo.

Nyumba zetu si kama za majirani zetu. Jumamosi moja ya harusi au arobaini, unaweza kuwa na watu arobaini ndani, na watoto kumi na watano ambao wote wanakuita baba mkubwa na wote wanaingia chumbani kwako kama kwao, kwa sababu ndivyo tulivyowalea. Makoti ya wageni tunayalundika kitandani kwetu. Mtoto akilala, tunamlaza palepale. Mtu mwenye bastola nyingi kuliko zinazoenea kwenye sefu yake ana nyingine kabatini, chini ya godoro, au kwenye droo ya soksi. Mimi nilikuwa hivyo. Ile ya .40 ilikaa juu ya kabati, ndani ya kiboksi chake cha plastiki kisicho na kufuli, karibu mwaka mzima.

Texas ni kosa la jinai kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 njia ya kuifikia silaha yenye risasi. Na msifikiri hayo ni ya Texas tu. Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliua wanafunzi wanne katika shule ya sekondari ya Oxford, Michigan, kwa bastola ya 9mm ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku chache kabla. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Wazazi hawakuwepo pale shuleni risasi zilipolia. Bastola yao ilikuwepo.

Kwa hiyo kipimo changu cha idadi ni hiki: usiwe na bastola moja zaidi ya zinazoenea kwenye sefu iliyofungwa na kukazwa ukutani au sakafuni. Sefu nyepesi ambayo wezi wawili wanaweza kuibeba ni sanduku la zawadi. Na kama sefu imejaa, uza kwanza, usikimbilie kununua sefu kubwa zaidi.

Liko pia jambo ambalo kwetu hatulisemi. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini Marekani ni vya watu wanaojiua wenyewe. Mtu aliyepoteza kazi, aliyevunjika ndoa, aliyefiwa na mama nyumbani asiweze kwenda kumzika kwa sababu ya karatasi, anaweza kufika mahali ambapo hata bastola moja ni nyingi. Ukiwa katika kipindi hicho, au ukimwona ndugu yako yumo, suala la kaliba liwekeni kando. Zitoke zote kwanza. Yapo maduka na vituo vya polisi vinavyokubali kuzitunza kwa muda. Piga simu uulize, maana sheria za kumkabidhi rafiki hutofautiana jimbo kwa jimbo. Namba ya simu ya kuongea na mtu, saa yoyote, ni 988. Zikirudi, zirudi baadaye.

Ukishaamua zipi ziondoke, usiziuze siku hiyohiyo. Zitazame kwanza kwa makini, hasa kama kuna ya kurithi. Bastola za 1911 zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilitoka viwanda mbalimbali. Remington Rand, waliokuwa wakitengeneza mashine za kupigia chapa, walitoa zaidi ya 800,000. Na Singer, ndiyo, Singer wa vyerehani, wale ambao mashine yao ilikuwa barazani kwa kila fundi nyumbani, walitengeneza 500 tu mnamo 1941. Mtu mwenye moja ya hizo, akaisugua ing'ae au kuipaka rangi upya ili "imvutie mnunuzi", ameifuta sehemu kubwa ya thamani yake kwa kitambaa chake mwenyewe. Soma maandishi ubavuni. Ukiona muhuri wa mali ya serikali ya Marekani na jina la kiwanda usichokitegemea, mtafute mtu anayejua silaha za kale kabla hujaipeleka popote. Ya mzee wangu haikuwa Singer. Ilikuwa Colt ya kawaida ya raia, lakini jina lake alilikwaruza kwa ncha ya msumari chini ya kitako, na kwangu hilo lilitosha.

Kuhusu pesa, jiandae kisaikolojia. Duka litakupa pungufu sana ya bei litakayoiandika kwenye kioo, maana nalo linataka kula. Ukiiacha dukani wakuuzie kwa asilimia, utapata zaidi, ila utasubiri. Boksi lake la asili, magazini zote na risiti vikiwepo, bei hupanda. Usiziuze kwa fungu ili kumaliza haraka. Ile nzuri itazibeba zile mbovu na wewe ndiye utakayelipa tofauti.

Sheria ndiyo inayonifanya nikuombe usome aya hizi mbili mara mbili. Kwa sheria ya serikali kuu, ndugu yako anayekaa Ohio huwezi kumuuzia wala kumpa bastola mkononi wewe ukiwa mkazi wa Texas. Lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni kwenye jimbo lake, ajaze fomu ya 4473, achunguzwe. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki. Aliyekuja kwa viza ya masomo, ya kazi ya muda au ya matembezi, kwa jumla haruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache; na wewe ukimuuzia huku ukijua, kosa ni lako pia. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mwenzi wake, hata kama lilikuwa kosa dogo la faini, sheria ya 1996 inamzuia. Mwenye amri ya mahakama ya kumkinga mwenzi dhidi yake anazuiwa vilevile, na Mahakama Kuu ya nchi ililithibitisha hilo Juni 2024 katika kesi iliyotoka hukuhuku Texas. Sisi tunajuana. Tunajua ndoa ya nani ina polisi ndani yake. Shemeji akikuomba, mwambie hapana.

Majimbo kama California, Colorado na New York yanataka hata mauziano ya mtu na mtu yapitie uchunguzi. Texas haidai hivyo, lakini mimi nilikwenda dukani kwa kila moja. Ada ni ndogo, na karatasi inayoonyesha kwamba namba ile haikuwa tena mikononi mwangu tarehe fulani ina thamani kuliko dola nilizolipa. Kumbuka kwamba mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata awe na kadi ya kijani ya miaka ishirini. Na usije ukanogewa: kuuza sehemu ya vitu vyako ni ruhusa, lakini kununua na kuuza mara kwa mara kwa nia ya faida bila leseni ni biashara haramu, na sheria ya 2022 ilipanua tafsiri ya jambo hilo. Ukibadilishana za zamani kwa bastola mbili mpya za kufanana kwa mkupuo mmoja, duka litajaza ripoti kwa serikali. Huo ni utaratibu wa kawaida kwa yeyote anayenunua mbili ndani ya siku tano za kazi. Usiiogope wala usijaribu kuikwepa kwa kumtuma mtu mwingine anunue ya pili. Kumtuma mtu ndiko kosa lenyewe.

Wapo wanaopanga kurudi nyumbani moja kwa moja, Tanga, Kisumu, Bukavu, na wananiuliza kama wanaweza kuziweka kwenye kontena pamoja na fenicha. Jamani, msifanye. Kuzitoa Marekani kunahitaji kibali, na kuziingiza huko kunahitaji kibali, chini ya sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, au ile ya Tanzania ya 2015. Anayerudi kustaafu, hesabu yake ya bastola ishuke mpaka sifuri kabla ya kontena kufungwa. Kama huko uendako utahitaji silaha, iombe hukohuko kwa taratibu za hukohuko.

Yangu yaliishia hivi. Beretta na ile ya .40 ziliondoka. Kwa sehemu ya pesa nilinunua Glock 44, ambayo inapiga risasi ndogo za .22 lakini umbo lake ni la Glock 19 kabisa: kitako kilekile, vitufe mahali palepale. Risasi za .22 ni rahisi mno, kwa hiyo zile mia za mwezi zimekuwa mia tatu, na zote zinafundisha mkono uleule. Rivolva ni ya mama watoto, ana namba yake ya sefu. Ukihesabu ni nne sasa, na kuna aliyeniambia kwamba hapo sijapunguza kitu. Lakini mkono wangu una namna moja tu ya kupiga, na wake una namna moja, na juu ya kabati hakuna kitu. Kwenye rafu iliyobaki wazi tumeweka pasipoti na hati ya kiwanja cha Kibaha.

Ile 1911 sikuweza kuiuza. Imo ndani ya sefu, tupu, na hakuna hata risasi moja ya .45 nyumbani kwangu. Maboksi mawili yaliyobaki nilikwenda nayo uwanjani Oktoba, na mtoto wa yule mzee akaja kutoka Waco. Tulizipiga zote mchana ule kwa zamu, kwa bastola ya baba yake. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kila anayemaliza, kabla ya kuilaza mezani, atoe magazini, afungue, aangalie ndani, kisha aseme kwa sauti kifungio kiko wapi. Tulikuwa tukitamka hivyo mpaka risasi ya mwisho, na waliokuwa vibanda vya jirani wakaanza nao kutamka.